Magharibi ya Saa Saba Mchana

Jua la Jinja huchelewa kutua. Mtu wa Mombasa, ambaye mwezi wa Februari huliona likizama kwenye saa kumi na mbili na dakika arobaini, akifika pale kwa mara ya kwanza huitazama saa yake, akaitazama mbingu, akadhani moja kati ya hizo mbili imeharibika. Saa moja kasoro dakika kumi jua bado liko juu ya miti ya Njeru, ng'ambo ya mto, na halina haraka. Litatua saa moja na dakika tano hivi. Kenya na Uganda zinafuata majira yale yale ya saa, lakini dunia haikushauriwa: Jinja iko karibu digrii sita na nusu magharibi ya Mombasa, na kila digrii moja jua huipita kwa dakika nne. Adhana ya Magharibi inapolia kwetu, kina mama wa Jinja bado wanachagua nyanya sokoni bila kuwasha taa.

Nilikwenda kwa basi la usiku kutoka Nairobi, nikavuka mpaka wa Busia alfajiri kwa kitambulisho cha taifa tu, jambo ambalo Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wameruhusiwa tangu 2014. Bugiri ilipita nikisinzia. Iganga nilikula ile chapati iliyoviringwa na mayai wanayoiita rolex. Baada ya hapo ni miwa ya Kakira kushoto na kulia, mashamba ya kina Madhvani, mpaka mji unapoanza. Safari yenyewe haikuwa na kisa. Kisa kilikuwa kwenye simu yangu.

Mpwa wangu anasoma Mbale, katika Islamic University in Uganda, chuo kilichofunguliwa mwaka 1988 na ambacho watoto wengi wa pwani wamepitia. Alikuwa ametembezwa na wenzake Jinja, akapigwa picha kwenye chanzo cha Nile, akaituma nyumbani. Mama yake, dada yangu, aliipenda mno. Amesimama kijana kando ya maji, kanzu nyeupe, nyuma yake mbingu ya zambarau iliyoiva, chini yake ukanda wa rangi ya chungwa, na kando juu mwezi mwandamo umesimama wima. Picha ikapita kutoka simu hadi simu mpaka ikafika barazani kwetu, mikononi mwa mzee mmoja aliyekuwa muadhini kwa umri wake wote wa utu uzima. Yeye hakutazama mbingu. Alitazama miguu. Kivuli cha kijana kilikuwa kimejikunja chini ya viatu vyake, kifupi, cheusi, kivuli cha adhuhuri.

"Huyu hapa ni wakati wa sala gani?" akauliza. Hakuna aliyejibu. "Msafiri ameruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Adhuhuri na Magharibi sijaona kitabu kinachozikusanya."

Baraza ilicheka, dada yangu alinuna, na mimi nikapata sababu ya kwenda Uganda. Nilikuwa nimemuahidi mpwa wangu siku nyingi kwamba nitamtembelea. Sasa nilitaka pia kujua ile mbingu ilitoka wapi.

Bustani ya chanzo cha Nile ina geti na ada ya kuingia, ina vibanda vya vinyago na fulana, ina sanamu ya Gandhi iliyozinduliwa 1997 kwa kuwa sehemu ya majivu yake ilitiwa mtoni hapa mwaka 1948. Wageni wa India huja kwa ajili hiyo, wageni wa Ulaya huja kwa ajili ya John Hanning Speke, aliyefika tarehe 28 Julai 1862 na ambaye mnara wake uko ng'ambo ya pili, na wanafunzi wa Uganda huja kwa sababu shule imewaleta kwa basi. Wote wanataka picha. Ziwa Victoria linajimimina hapa na kuanza safari ya kama kilomita 6,400 hadi Bahari ya Kati, lakini macho hayaoni kitu kikubwa: maji mapana, tulivu, yenye viwimbi katikati. Maporomoko ambayo Speke aliyaona, aliyoyapa jina la Ripon, hayapo. Yalizama baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo sasa linaitwa Nalubaale, kuanza kazi mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali, kilomita chache kuteremka mto, nayo yakafunikwa na bwawa jingine lililozinduliwa 2012.

Wapiga picha wa pale ni vijana wenye kamera shingoni na albamu ndogo mkononi ya kuonyesha kazi zao. Nilimpata niliyeelekezwa kwake, yule aliyempiga mpwa wangu. Alinisalimu Kisoga, "Kodheyo ssebo," nilipobabaika akahamia Kiswahili cha haraka chenye Kiganda ndani yake. Nikamfungulia ile picha. Aliitambua mara moja, na aliifurahia.

"Hiyo ni mbingu namba nne, mzee. Inauza sana."

Namba nne! Albamu ilikuwa na saba. Kulikuwa na mbingu ya dhahabu, mbingu ya waridi, mbingu ya mawingu yaliyochanika kama pamba, mbingu ya buluu nzito yenye nyota ambazo hata mtoto angejua ni nyingi kupita kiasi. Mteja anapigwa picha saa yoyote, kwa kawaida kati ya saa tano na saa tisa mchana maana ndipo mabasi ya watalii yanapofika, kisha anachagua namba. Baada ya muda mfupi picha inatoka kwenye printa ndogo, na nyingine inatumwa kwenye simu.

Nilimuomba anionyeshe kazi inavyokwenda, akanipeleka kwenye kibanda alichokuwa na kompyuta. Alipoanza, alisema, alikuwa akifanya kwa mkono. Kwanza unaizima picha: unapunguza mwanga mpaka nyuso zinakaribia kupotea. Halafu unavuta joto la rangi. Mwanga wa jua la mchana uko kwenye 5500 hivi kwa kipimo cha Kelvin. Ukiiambia programu kwamba mwanga uliopo ni wa 3500, yenyewe inafidia, na picha nzima inaingia samawati. Kisha unachora ukanda unaofifia kuanzia kwenye upeo kwenda juu, unautia rangi ya chungwa, na pale chungwa linapokutana na samawati unapata zambarau bila kuitafuta. Kazi ngumu ilikuwa kingo: nywele, majani ya miti, kamba za mashua. Ukikosea, kila jani linabaki na uzi mweupe wa mchana pembeni. Lakini siku hizi haihitajiki jasho hilo. Photoshop ilitiwa uwezo wa kubadilisha mbingu Oktoba 2020, programu inaitambua mbingu yenyewe na kuikata, na programu za simu nazo zinafanya hivyo hivyo. Kilichobaki ni kuwa na mbingu za kubandika. Zake zilikuja zote pamoja kutoka kwa rafiki wa Kampala, ambaye naye alizitoa mtandaoni.

"Zilipigwa wapi?" nikauliza.

"Mbingu ni mbingu, ssebo."

Hapo hatukukubaliana, na nitaeleza kwa nini. Ila kwanza niseme kwamba sikwenda Jinja kumhukumu mtu. Kubadilisha mbingu si uvumbuzi wa vijana wa simu. Mfaransa Gustave Le Gray, katika miaka ya 1856 na 1857, alipiga picha za bahari zilizoshangaza Ulaya, na nyingi kati ya hizo ni picha mbili: bahari kwenye kioo kimoja, mawingu kwenye kioo kingine, zikaunganishwa chumba cha giza. Alilazimika. Dawa za wakati ule ziliunguzwa na mwanga wa buluu kuliko rangi nyingine, kwa hiyo ukiipata bahari vizuri, mbingu inatoka nyeupe tupu. Na kwetu pwani? Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyekata na kubandika picha katika studio yake hadi mtu na kitu visivyowahi kukutana vikakaa kwenye karatasi moja. Pale kivukoni Likoni kulikuwa na vibanda ambamo kibarua aliyetoka bara alisimama mbele ya pazia lililochorwa meli au ndege, picha ikaenda kijijini, na kijijini wakafurahi. Mama wa yule kibarua hakudhani kwamba mwanawe amenunua meli.

Kijana alikuwa na hoja nzuri kuliko hizo zangu zote. Nilipomwambia kuhusu kivuli cha saa saba, alinyoosha mkono kwenye maji. "Mzee, watu wanakuja kupiga picha maporomoko, na maporomoko yenyewe yalifunikwa. Nikifunika mawingu kosa langu ni nini?"

Nilikaa pale hadi jioni nitazame mbingu ambayo haikuwa na namba.

Februari ni kiangazi, kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa hiyo jua lilishuka jekundu kabla hata halijagusa miti, nikaweza kulitazama kwa macho. Lilishuka wima. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mbingu za kubandika hazilijui. Jinja iko chini ya nusu digrii kutoka mstari wa Ikweta, na huko jua huzama moja kwa moja, halitembei upande. London mwezi wa Juni jua hushuka likiteleza kwa mshazari, rangi zinatanda upeo mzima, na kutoka kuzama kwake hadi kufikia digrii sita chini ya upeo, pale taa za barabarani zinapohitajika, huchukua zaidi ya dakika arobaini na tano. Jinja ni dakika ishirini na moja hivi. Baada ya kama dakika sabini tangu jua litue hakuna hata chembe ya mwanga wake iliyobaki, wakati London ya Juni usiku haukamiliki mpaka kunapambazuka. Ile mbingu pana, yenye zambarau iliyotulia kama imeamua kulala hapo, ni ya nchi ambako mtu ana muda wa kupika chai huku akiitazama.

Ya Jinja ilipita mbio. Chini kabisa nyekundu iliyochafuka, juu yake chungwa, juu yake manjano hafifu, kisha ukanda mwembamba wenye ukijani ambao ukipepesa macho unaukosa, kisha buluu. Hakuna pakiti ya mbingu niliyowahi kuona yenye ule ukijani. Buluu ya utosini, nilikuja kusoma, ina habari yake: mwaka 1953 Mmarekani Edward Hulburt alionyesha kwamba si ile buluu ya mchana iliyobaki. Mchana buluu hutokana na hewa inayotawanya mwanga wa samawati kuliko mwekundu. Jua likishazama, mwanga wake hupita kwa mshazari mrefu ndani ya tabaka la ozoni, na ozoni humeza sehemu ya manjano na chungwa. Bila ozoni utosi wa mbingu wakati huo ungekuwa wa kijivu chenye manjano. Kwa hiyo rangi mbili tunazoziona pamoja, wekundu wa chini na buluu ya juu, zina sababu mbili mbalimbali, na kijana mwenye kompyuta alikuwa akizitengeneza kwa kuvuta joto la rangi na kupaka ukanda wa chungwa juu yake. Si ajabu zinakutana vibaya.

Wekundu ule kwetu si pambo. Sisi wa madhehebu ya Shafi tumefundishwa kwamba Magharibi hudumu mpaka wekundu wa mbinguni upotee, hapo Isha inaingia. Imam Abu Hanifa alisubiri hata weupe unaoufuata uondoke. Leo kuna ratiba za kuchapishwa na programu za simu, hakuna anayepanda juu ya dari kutazama. Muadhini wetu ni wa wale waliotazama. Ndiyo maana picha ya mpwa wangu ilimsumbua yeye peke yake.

Na mwezi. Shaaban ilikuwa changa, mwezi ulikuwa juu ya Njeru, umelala chali kama mashua, pembe zote mbili juu, umeinama kidogo tu. Karibu na Ikweta mwezi mchanga hulala namna hiyo mwaka mzima. Huinama kidogo upande huu au ule kufuata majira, lakini hausimami. Mwezi uliosimama wima kama herufi, ule wa mbingu namba nne, ni mwezi wa jioni za vuli huko kaskazini, labda Ulaya, labda Kanada. Mpwa wangu alikuwa amesimama Jinja chini ya mwezi wa watu wengine.

Nilimwita kijana aje aone. Alitazama mwezi, akatazama albamu, akacheka. "Kumbe unalala!" Kisha akaniambia kwa upole kwamba wateja wanaupenda ukiwa umesimama, kwa sababu ndivyo ulivyo kwenye bendera na kwenye kadi za Idi. Alikuwa amekaa chini ya mwezi huo tangu azaliwe. Na mimi pia, kusema haki, nisingeutazama kama si mzee wa barazani.

Kesho yake nilipanda matatu, ambayo Uganda huitwa taxi hata ikiwa na watu kumi na wanne na kuku. Kutoka Iganga barabara ya Tirinyi inapinda kuelekea kaskazini mashariki, Namutumba, madimbwi ya mpunga na mafunjo ya Mto Mpologoma, Tirinyi yenyewe, Kamonkoli. Ni nchi tambarare mno. Ndipo mbele, bila vilima vya kukuandaa, ukuta unasimama: Wanale, ubavu wa Mlima Elgon, jabali refu lililokatika ghafla nyuma ya mji kiasi kwamba Mbale yote inaonekana imeegemea ukuta huo. Elgon yenyewe, Masaba kwa wenyeji, inafika mita 4,321 huko juu ya Wagagai, lakini kilele hakionekani kutoka mjini. Kinachoonekana ni jabali.

Mpwa wangu alinipokea kwenye mnara wa saa. Alikuwa amenenepa. Nilimpa salamu za mama yake na halua, na sikumwambia neno la baraza, ingawa alikuwa analijua. Picha inayorudi na kicheko haifichiki. "Mjomba," alisema kabla hatujafika hata kwenye kona, "kuna fundi wa picha hapa Mbale nataka umuone."

Fundi huyo ni mtu wa makamo, Mmasaba, amesomea uchoraji kabla ya picha. Studio yake iko ghorofani karibu na soko, ya kawaida kabisa: picha za pasipoti, picha za mahafali, picha za harusi zilizokuzwa. "Mulembe," tukaitikiana. Alipojua nilichofuata hakuuliza maswali, alitupandisha darini saa kumi na mbili na nusu.

Nilielekea magharibi kama desturi, kule tambarare ya Kyoga ilikokuwa ikiwaka. Fundi alinishika bega akanigeuza. "Huku kila mtu anatazama. Tazama huku."

Mashariki Wanale lilikuwa limepokea jua lote usoni. Jabali la kijivu lilikuwa limekuwa la rangi ya matofali mabichi, kila ufa unasomeka. Mbale iko karibu digrii moja mashariki ya Jinja, kwa hiyo jua lilitutoka dakika nne mapema kuliko nilivyozoea jioni iliyotangulia, kwenye saa moja na dakika moja. Mji ukaingia kivulini. Jabali halikuingia. Kilele chake kiko juu yetu kama kilomita moja, na mtu aliyesimama kimo hicho huliona jua kwa dakika chache zaidi. Kivuli kilianza kupanda mwamba kutoka chini, kinatembea kwa kasi inayoonekana kwa macho, kikisukuma rangi mbele yake, waridi, halafu waridi ya kutu, mpaka ukingo wa juu ukabaki mstari tu. Ukazimika.

"Bado," alisema fundi.

Baada ya muda, juu ya ukingo ule uliokwisha zimika, ukanda wa waridi ulichomoza angani, na chini yake ukanda wa kijivu cha samawati. Ule wa chini ni kivuli cha dunia yenyewe kikitupwa kwenye hewa. Wa juu ni mwanga mwekundu wa jua unaorudishwa na hewa ambayo bado inaangazwa. Ukanda huo wa waridi huonekana kila mahali duniani mbingu ikiwa safi, lakini mara nyingi uko chini upeoni ambako nyumba na miti inauziba, na watu wamegeukia upande mwingine. Mbale jabali huuficha mwanzoni, kisha unapanda na kuvuka ukuta.

Fundi alipiga picha kadhaa za mbingu tupu, akaandika tarehe na saa kwenye daftari. Ana daftari hilo kwa miaka, na kompyuta iliyojaa mbingu za Mbale: za Januari, za Aprili mvua zinapokuwa zimesafisha vumbi, za magharibi na za mashariki, zote kutoka dari lile lile. Mwezi wake umelala chali.

Kesho yake mchana, kwenye mwanga mkali wa saa saba, alimpiga mpwa wangu picha darini, Wanale nyuma yake. Kisha akakaa kwenye kompyuta, na hapo niliona kazi tofauti kabisa na ya Jinja. Mbingu ilikuwa jambo la mwisho. Alianza na kivuli cha miguuni, akakifuta, kwa sababu jua likishatua hakuna kivuli. Alipunguza mwanga wa kanzu mpaka ikawa nyeusi kuliko mbingu. Watu husahau, alisema, kwamba jioni mbingu ndiyo taa, kila kitu kingine kiko chini yake kwa mwanga. Aliwasha madirisha mawili ya nyumba za nyuma, si yote, kwa manjano ya balbu. Mapaa ya mabati yanayotazama juu aliyatia buluu kidogo, maana yanapokea mbingu. Uso wa kijana aliulainisha upande mmoja tu, ule uliokuwa umeelekea magharibi. Ndipo akabandika mbingu yake ya Februari, ya jioni iliyotangulia, ikakaa kama imezaliwa hapo.

Ilikuwa picha nzuri. Niliituma barazani. Jibu la muadhini lilikuja kwa sauti: hiyo sawa, hapo ni Magharibi, tena mapema, Isha bado sana, mwambieni awahi sala.

Mpwa wangu alishangilia. Mimi ilinikaa vibaya. Picha ya Jinja ilikuwa imechekwa na mtu wa kwanza aliyeitazama kwa makini; kivuli kilishitaki, mto ulibaki na mwanga wa mchana, mwezi ulikuwa mgeni. Haikumdhulumu mtu. Hii ya Mbale, iliyofanywa na mtu anayeijua mbingu yake na kuiheshimu, ndiyo iliyompita mzee ambaye alitumia maisha yake kuzitambua saa kwa rangi. Nilikuwa nimesafiri nikitaka mtu anionyeshe namna sahihi ya kuiga machweo ya kwetu, nikaipata, na sasa nilikuwa natamani ile zambarau ya kipuuzi.

Nilimwambia fundi hivyo hivyo. Hakukasirika. Alisema kuna picha asizogusa mbingu yake kwa bei yoyote. Imbalu, tohara ya Wamasaba, hufanyika miaka inayogawanyika kwa mbili. Hufunguliwa Agosti. Kijana anasimama mbele ya ukoo wake bila kupepesa, na saa aliyosimama ni sehemu ya ushahidi, haibadilishwi. Picha za mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, Mto Nabuyonga ulipovunja kingo na kuchukua watu, alizipiga na hakuzitia chochote, ingawa mmoja aliyetaka kuzinunua alimuomba mawingu meusi zaidi. Harusi, mahafali, wageni kama sisi, hizo ni furaha, na furaha mtu anaruhusiwa kuichagulia saa.

"Na hata hizo," alisema, akaigeuza picha ya mpwa wangu iliyokuwa imetoka kwenye printa. Nyuma, kwa penseli, alikuwa ameandika: saa saba mchana, mbingu ya jioni ya jana. Huandika hivyo kwenye kila moja.

Nikamuuliza kuhusu ile niliyotuma barazani.

"Picha ya simu haina mgongo, mzee," akasema, akatutajia bei.